Divai Iliyopewa Jina la Shamba Lake

Ukipanda tramu kutoka katikati ya Bordeaux kwenda Pessac, usitegemee kuona mashamba. Utaona maghorofa, duka la dawa, shule, watu wanaorudi nyumbani na mikate mirefu kwapani. Nilishuka nikafuata barabara ya Jean Jaurès, magari yakipita mfululizo, nikawa nimeshaanza kujiuliza kama nimepotea. Kumbe shamba lilikuwa mbele yangu tu, nyuma ya ukuta wa mawe: mizabibu mifupi iliyopangwa mistari iliyonyooka, na huko ndani jumba lenye mapaa yaliyochongoka. Hiyo ndiyo Château Haut-Brion. Hekta kama 50 za mizabibu, na mji umezizunguka kila upande.

Sikuingia. Kuingia kunataka miadi, nami nilikuwa Bordeaux kwa kazi nyingine kabisa. Nikiri mapema pia kwamba divai yenyewe sijawahi kuionja. Chupa moja ya mwaka mzuri ingemeza mshahara wangu na kuniachia deni. Mimi ni mtu wa chupa ya Dodoma, tena siku ya sherehe.

Kilichonipeleka pale ni shajara ya Samuel Pepys. Wapenzi wa fasihi ya Kiingereza wanamfahamu: karani wa jeshi la majini la Uingereza, aliyeandika mambo yake kila siku tangu 1660 hadi 1669 kwa hatimkato, kiasi kwamba shajara ile haikuchapwa hadi 1825, baada ya mtu kukaa miaka akiifumbua. Tarehe 10 Aprili 1663 Pepys alikuwa kwenye baa moja ya London iliyoitwa Royal Oak, mtaa wa Lombard. Akanywa divai ya Kifaransa, akaandika kwamba ladha yake ni ya peke yake, hajakutana na nyingine kama hiyo. Jina la divai akaliandika alivyolisikia: Ho Bryan.

Kosa hilo la tahajia nalipenda sana. Wafaransa wanatamka kitu kama "O-briyo", kwa sauti inayotokea puani. Pepys aliandika kwa sikio, sawasawa na wazee wetu wa pwani walivyofanya. Maana hata neno letu "divai" ni Kifaransa kilichosikika kwa sikio la Mswahili: *du vin*. Ndugu yake "mvinyo" alitoka kwa Wareno, *vinho*. Yaani tangu utotoni, kila padri alipoinua kikombe Jumapili, nilikuwa nikisikia Kifaransa bila kujua.

Kwa nini mstari ule wa Pepys una maana? Kwa sababu kabla ya hapo divai nyekundu ya Bordeaux haikuwa na jina la mtu wala la shamba. Waingereza walikuwa wameinywa kwa karne nyingi. Eneo lile lilikuwa chini ya wafalme wao tangu ndoa ya Eleanor wa Aquitaine na Henry mwaka 1152 mpaka lilipowaponyoka mwaka 1453. Lakini kilichokuwa kikipanda meli ni mapipa. Mfanyabiashara alinunua hapa na pale, akachanganya, akasafirisha, na watu wakainywa ndani ya mwaka kabla haijaharibika. Kama mahindi ya gunia: nani anauliza yamelimwa kwa nani?

Aliyebadilisha mambo ni familia ya Pontac. Jean de Pontac alioa mwaka 1525, na mkewe akaja na ardhi ya Haut-Brion kama sehemu ya mahari (kwa Wafaransa wa wakati ule mahari ilitoka kwa mwanamke, msishangae). Akalijenga jumba mwaka 1549. Mzee huyu alioa mara tatu, akapata watoto 15 na, kwa hesabu inayotajwa, akafa akiwa na miaka 101, jambo ambalo wauza divai hawaachi kulirudia. Karne moja baadaye mali ilikuwa kwa Arnaud de Pontac, rais wa kwanza wa Parlement ya Bordeaux, iliyokuwa mahakama kuu ya jimbo. Huyu bwana alikuwa na cheo, alikuwa na fedha, na zaidi ya yote alikuwa na akili ya biashara. Aliuza divai ya shamba moja kwa jina la shamba hilohilo. Mwaka 1660 jina la Haut-Brion lilikuwa tayari kwenye daftari la stoo ya Mfalme Charles wa Pili. Miaka mitatu baadaye Pepys akalikuta baa.

Kisha likaja janga. Septemba 1666 London iliteketea. (Pepys alichimba shimo akafukia divai yake na jibini yake ya Parmesan, mtu anajua vipaumbele vyake.) Mji ulipoanza kujengwa upya, Arnaud alimtuma mwanawe, François-Auguste, akafungua nyumba ya kulia chakula iliyoitwa Pontack's Head. Bango la mlangoni lilikuwa na sura ya baba mtu. Ikawa mahali pa wakubwa: wanasayansi wa Royal Society walifanyia karamu zao pale, waandishi pia walikuja. Jonathan Swift, mtunzi wa *Gulliver's Travels*, alilalamikia bei, shilingi 7 kwa chupa moja. Divai ya kawaida iliyokuwa nzuri tu ungeipata kwa 2. Alilalamika, ila alikuwa ameshakunywa.

Tarehe 14 Mei 1677, mwanafalsafa John Locke alifika Pessac kuangalia kwa macho yake. Nafikiri yeye ndiye mwandishi wa habari wa kwanza kufika shambani hapo. Aliona kimwinuko kidogo kilichoelekea magharibi, mchanga mweupe uliochanganyika na changarawe, udongo ambao ukiuangalia utasema hauwezi kuotesha chochote. Wafanyabiashara wakamwambia kwamba shamba la jirani, lililotengwa na mtaro tu na lenye udongo unaofanana kabisa, halitoi divai kama hii. Locke akaandika pia kwamba bei inapanda kwa sababu Waingereza matajiri wanaagiza iliyo bora kwa gharama yoyote.

Hapo pana mambo mawili, na mimi nayaamini yote mawili kwa viwango tofauti. La changarawe ni kweli. Mawe yale yaliletwa na mito zamani sana, maji hayatuami, mizizi inalazimika kushuka chini, mawe yanashika joto la mchana. Mzabibu unaopata shida kiasi huzaa zabibu chache zenye ladha iliyokolea. La mtaro, hata hivyo, limesemwa na wauzaji. Mimi nimefanya kazi ya habari zaidi ya miaka kumi. Mtu anaponiambia kwamba bidhaa yake haina mfano hata kwa jirani, ninaandika, halafu naweka alama ya kuuliza pembeni. Locke mwenyewe kwenye sentensi ya bei ametupa jibu la pili. Jina lilikwishaanza kufanya kazi yake, na jina halihitaji mvua.

Waandishi hawakuwa wateja tu. Montesquieu, aliyekuwa kiongozi kwenye mahakama hiyohiyo ya Bordeaux, alilima mizabibu huko La Brède, kusini ya mji. Kitabu chake kuhusu roho ya sheria kilipotoka mwaka 1748 na kupendwa Uingereza, aliwaandikia rafiki zake kwamba mafanikio ya kitabu yanaonekana kuisaidia divai yake kuuzika. Waandishi wenzangu, tujifariji kwa hilo. Ndani ya kitabu hicho kuna sura fupi ya kejeli kali, inayojifanya kuutetea utumwa wa Waafrika kwa hoja za kijinga makusudi, ili msomaji aone aibu yake. Aliiandika mtu ambaye kutoka kwake hadi gatini Bordeaux ni mwendo wa saa chache kwa farasi.

Na kwenye gati lile ndiko hadithi ya divai inakutana na yetu. Bordeaux ya karne ya 18 ilitajirika kwa sukari na kahawa ya Saint-Domingue, Haiti ya leo. Divai ya kawaida ilikwenda kule, sukari ikarudi. Meli nyingine zilipitia Afrika. Safari za watumwa zilizoandaliwa na wenye meli wa Bordeaux zinakaribia 500, na watu waliopakiwa ni zaidi ya 120,000. Kwa Ufaransa ni Nantes tu iliyoipita kwa mbali. Na katika miaka ya 1780 baadhi ya meli za Bordeaux zilianza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuja upande huu, Msumbiji hasa, kutafuta watu.

Wafaransa wa Mauritius walikuwa wametangulia. Septemba 14, 1776, Sultani Hasan bin Ibrahim wa Kilwa alitia sahihi mkataba na Mfaransa aliyeitwa Morice: watu 1,000 kila mwaka, piasta 20 kila mmoja, na piasta 2 juu yake kwa Sultani. Msije mkanielewa vibaya, mkono wa kwetu upo kwenye karatasi ile, wala siufichi. Ninachokiona kila nikiusoma ni kwamba una majina mawili tu, la muuzaji na la mnunuzi. Wale elfu moja ni hesabu, kama mapipa ya kabla ya Pontac.

Miezi miwili kabla ya mkataba huo, Thomas Jefferson alikuwa ameandika huko Philadelphia kwamba watu wote wameumbwa sawa. Mei 1787, sasa akiwa balozi wa Marekani Ufaransa, naye alifika Haut-Brion kuchungulia udongo. Aliorodhesha mashamba manne ya daraja la kwanza: Margaux, Latour, Haut-Brion na Lafite. Aliagiza kreti kwa kreti. Katika maisha yake mtu huyu alimiliki watumwa zaidi ya 600. Siandiki haya ili msomaji amwage divai yake. Ila ukiyapanga matembezi ya Jefferson pamoja na ratiba za meli za gati lile, unakuta ni miaka ileile.

Orodha yake ya mashamba manne ilishinda muda. Mwaka 1855 Napoleon wa Tatu aliandaa maonyesho makubwa Paris, Sabasaba ya dunia tuseme, na chemba ya biashara ya Bordeaux ikataka orodha ya divai bora. Kazi wakapewa madalali. Hawakuonja kitu; walifungua madaftari ya bei na ndani ya kama wiki mbili, tarehe 18 Aprili, wakaleta madaraja matano. Juu kabisa yalikaa yaleyale manne. Yote yalikuwa ya Médoc isipokuwa Haut-Brion, ambayo bei yake haikuruhusu kuachwa. Tangu hapo badiliko kubwa juu ni moja: mwaka 1973 Mouton Rothschild ilipandishwa, wakaitwa watano. Soko lilisema bei, orodha ikathibitisha bei, na bei sasa inaisikiliza orodha.

Mengine nayapita haraka. Joseph de Fumel, mmiliki wakati wa Mapinduzi, alikatwa kichwa mwaka 1794. Talleyrand alilimiliki shamba miaka mitatu hivi, 1801 hadi 1804. Mwaka 1935 likanunuliwa na Clarence Dillon, mwenye benki kutoka Marekani, na bado liko kwenye ukoo wake. Mwaka 1961 wakaweka matangi ya chuma cha pua kwa kuchachulia divai, kabla ya wenzao wa daraja la kwanza, na majirani wakanong'ona kwamba hilo ni jiko la kiwanda. Baadaye majirani wakanunua ya kwao.

Niliporudi mjini jioni ile nilipita Place de la Bourse. Ukiinua macho kwenye kuta zake utaona sura za mawe, na kati yake kuna sura za Waafrika, zilizochongwa karne ya 18 kama pambo. Mbele kidogo, ukingoni mwa mto, kuna sanamu ya shaba ya mwanamke, iliyowekwa Mei 2019. Inaitwa Modeste Testas, jina alilopewa na ndugu wawili wafanyabiashara wa Bordeaux waliomnunua na kumpeleka kwenye shamba lao la miwa Saint-Domingue. Alizaliwa Ethiopia, na jina lake la kuzaliwa ni Al Pouessi. Mjukuu wake alikuja kuwa rais wa Haiti. Nililitamka jina lile mara kadhaa pale kando ya mto, nikihisi kwamba nalo, kama Ho Bryan, limeandikwa na mtu aliyesikia nusu, na kwamba mama yake huenda alilitamka tofauti kabisa.

Kisha nikaingia duka la kona nikanunua chupa ya euro 6. Lebo ilikuwa na mchoro wa jumba, na jina la shamba kwa herufi za dhahabu.