Dainamo Kutoka Kitale

Gunia lilifika River Road saa kumi na mbili asubuhi, limefungwa kwa kamba ya katani na kuandikwa namba yangu ya simu kwa makapeni. Ndani kulikuwa na dainamo ya trekta na kisanduku cheusi chenye nyaya zilizokatwa. Anko alikuwa amenipigia siku mbili kabla: "Huku wananiambia nitupe ninunue alteneta. Jaribu Nairobi."

Trekta yenyewe ni Ferguson ya kijivu, TE20. Zilitengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, zaidi ya nusu milioni. Ni kadogo, nguvu zake hazifiki farasi 30, lakini kanageuka kwenye vishamba ambavyo trekta kubwa haliingii. Babu yangu alikanunua miaka ya sitini, wakati Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipokuwa unagawanya mashamba ya walowezi na mitambo yao ikauzwa kwa bei ya kuondoka. Tangu hapo kamelima kwa jirani kwa malipo. Mwaka wangu wa kwanza chuoni ulilipwa na hako katrekta. Mwaka wa pili haukulipika na nikarudi mtaani, lakini hiyo si makosa yake.

Sasa mvua ya Machi ilikuwa inakaribia na betri ilikuwa haipati chaji. Anko alikuwa anawasha kwa kusukumwa na vijana mteremkoni.

Nilipanda mat hadi Kariobangi Light Industries. Ukiuliza fundi wa waya pale utaonyeshwa kumi. Niliuliza wa dainamo, nikaonyeshwa mmoja, mzee ameketi kwenye debe la rangi chini ya mabati.

Kabla hajaishika aliuliza, "Betri ilibadilishwa lini?"

Sikujua. Nikampigia Anko. Kijana mmoja wa pale kwao alikuwa ameweka betri mpya Novemba.

"Aliweka positivu wapi?"

Kwenye starter, kama gari lolote.

Mzee akacheka. "Hii si gari lolote."

Magari mengi ya Kiingereza ya enzi hiyo, na matrekta pia, yalifungwa kinyume na tulivyozoea: positivu ya betri iko kwenye bodi, negativu ndiyo inayotembea kwenye waya. Dainamo hujianzisha yenyewe kwa sumaku kidogo inayobaki ndani ya chuma chake, na sumaku hiyo ina upande. Ukigeuza betri bila kuigeuza hiyo sumaku, dainamo na betri zinapigana. Ndani ya kisanduku cheusi kuna swichi ndogo inayounganisha viwili hivyo, mafundi wa zamani wanaiita katauti. Alifungua kifuniko, akanionyesha pointi zake: zilikuwa zimeungua zikawa nyeusi kama mkaa wa jiko.

Alianza na jaribio rahisi. Aliunganisha terminali mbili za dainamo kwa waya mmoja, akaleta negativu ya betri hapo na positivu kwenye bodi. Ikazunguka polepole kama mota. "Iko hai," akasema. Mashine ile ile, ukiizungusha inakupa stima, ukiipa stima inazunguka.

Kisha kaboni. Zilizokuwemo zilikuwa zimeisha, kwa hivyo alitoa kaboni za starter ya lori akazipunguza kwa faili. Shaba zinazosuguana nazo alizisafisha kwa msasa laini, akachimba mifereji katikati yake kwa kipande cha bleji ya hakso alichokinoa kikawa chembamba. Nilihesabu mifereji hadi nikapoteza hesabu. Hakuna aliyeongea.

Ujuzi huu ulifikaje Kariobangi? Njia moja inaanza na reli. Ilifika Nairobi 1899, pamoja na mafundi waliotolewa India. Kwa miaka mingi Mwafrika kwenye karakana alikuwa msaidizi: unashika spana, unaosha vyuma, unatazama. Watu wa reli walilala Muthurwa na Makongeni, kwenye nyumba zilizojengwa na shirika. Kilichoonekana karakanani mchana kilirudi Eastlands jioni, kichwani, bila karatasi.

Baada ya uhuru mafundi wa kando ya barabara waliongezeka, na askari wa jiji wakawa wanawabomolea vibanda. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyosema kazi hizi zinalisha watu na zisisumbuliwe. Ilichukua hadi 1985 kwa Rais Moi kufika Kamukunji na kuahidi vibanda vya mabati kwa wale waliokuwa wakigonga chuma juani. Neno jua kali likaingia serikalini: 1988 ikaundwa wizara ya mafunzo ya ufundi, 1992 sera ya bunge ikaandikwa kwa jina hilo. Paa zilipatikana kwa baadhi. Cheti ni habari nyingine.

Nilimuuliza mzee kama amefanya grade test. La tatu alifanya, akapita. "La pili nilikuwa na pesa yake mkononi," akasema, "nikanunua haya mabati." Aliyaonyesha kwa kidole cha mafuta. Nilifikiria karo yangu, sikusema kitu.

Mwishoni alimwita kijana wake, aliyekuwa akirekebisha alteneta ya Probox. Tangu miaka ya sitini alteneta imekuwa ikichukua nafasi ya dainamo, na huyo kijana hakuwa amewahi kuifungua dainamo hata moja. Mzee alimpa waya mkononi. "Positivu bodi. Hiyo ingine gusa F. Gusa tu, usikae." Cheche moja ndogo ya bluu. "Sasa inajua upande wake."

Alisema huenda hata haikuhitajika, sumaku ya zamani pengine ilikuwa bado iko sawa. Alitaka tu kijana aone.

Nililipa 1,800. Kwenye gunia niliandika kwa makapeni, herufi kubwa: POSITIVU KWA BODI.

Jumapili Anko alituma video ya sekunde kumi na moja. Sauti yote ni injini. Kwenye dashibodi mshale wa amita unatikisika, unapanda upande wa kuongeza, unakaa. Halafu kamera inageuka kuonyesha kijana aliyebadilisha betri, amesimama kando na karatasi, anachora nyaya zinavyopita.