Betri Kuukuu: Karatasi Zinazotakiwa kwa Anayechakata au Kusafirisha Nje

Betri ya gari ikifa Mulot, mji ulio mpakani mwa kaunti za Bomet na Narok, haiozi hapo. Fundi humwuzia mkusanyaji, mkusanyaji humwuzia mwenye lori, na shehena yaweza kuishia kwenye tanuri la kuyeyushia madini au kwenye bandari yetu ya Mombasa. Kila inapobadilisha mikono, sheria inataka karatasi.

Sababu ni hii: betri za gari na nyingi za sola zina risasi, na madini hayo pekee huzidi nusu ya uzito wake. Ndani mna asidi pia. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio huumia zaidi. Kwa hiyo betri hizi huhesabiwa kuwa taka hatari.

Anayechakata nchini

Sheria ya Mazingira ya 1999 inaipa mamlaka ya NEMA kazi ya kutoa leseni. Kiwanda kinatakiwa kifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kujengwa. Kikishaanza kazi, hufanya ukaguzi wa mazingira na kuwasilisha ripoti yake NEMA. Anayebeba taka naye awe na leseni yake, na dereva awe na hati inayoonyesha mzigo umetoka wapi na unakwenda wapi.

Anayesafirisha nje

Hapa huingia Mkataba wa Basel wa 1989, ambao Kenya ni mwanachama. Betri kuukuu za risasi zimo humo kwa namba A1160. Utaratibu wake ni huu:

1. Nchi inayopokea, na zile ambazo shehena itapitia, hupewa taarifa ya maandishi mapema.
2. Mzigo hauondoki mpaka idhini ya maandishi ipatikane.
3. Panatakiwa mkataba kati ya msafirishaji na mchakataji.
4. Hati ya safari hufuatana na shehena, na kila anayeipokea hutia sahihi.
5. Mchakataji hutoa taarifa mara mbili: anapopokea mzigo, na anapomaliza kuuchakata.

Serikali nayo hupeleka ripoti kwa sekretarieti ya mkataba kila mwaka. Mfanyabiashara akificha tani zake, hesabu ya nchi nzima inakuwa ya uongo.

Kilichotupata Owino Uhuru

Wapo wanaoona karatasi hizi ni usumbufu mtupu. Na wautazame mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kilifanya kazi ubavuni mwa nyumba za watu mpaka kilipofungwa 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, aliongoza mapambano baada ya mwanawe kupatikana na sumu ya risasi. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitengua 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Miongoni mwa waliobebeshwa lawama ni NEMA yenyewe. Karatasi isiyosomwa na mkaguzi haimkingi mtu.

La kufanya

Mkusanyaji wa Mulot na aweke daftari: tarehe, idadi, uzito, aliyemwuzia, aliyenunua na namba ya lori. Asimwage asidi, asivunje betri uani, na amwuzie mwenye leseni tu.

Mkazi akiona moshi wa tanuri jirani, aulize leseni na ripoti ya ukaguzi. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu kwenda mahakamani kutetea mazingira safi bila kwanza kuthibitisha kwamba kuna aliyeumia. Asisubiri mtoto augue.