Kulungu, panya na kupe: historia ya ugonjwa wa Lyme katika nyua za Marekani

Kila mwaka watu wanaokadiriwa kufikia 476,000 hugunduliwa na kutibiwa ugonjwa wa Lyme nchini Marekani. Wengi wao hawakuumwa na kupe porini, bali karibu na nyumba zao wenyewe. Bakteria anayeusababisha ni wa kale sana. Kilicho kipya ni namna binadamu alivyoibadili ardhi, akawakaribisha wanyama watatu hadi mlangoni pake.

Mwishoni mwa karne ya 19, mtu aliyetaka kumwona kulungu katika jimbo la Connecticut, kaskazini-mashariki mwa Marekani, alikuwa na kazi kubwa. Makisio ya mwaka 1896 yaliwataja kulungu 12 hivi katika jimbo zima. Mnyama huyo, ikumbukwe, si yule kulungu wa misitu ya Afrika Mashariki. Huyu ana mkia mweupe kwa chini, na dume huota pembe zenye matawi ambazo humwanguka kila mwaka na kuota upya.

Kutoweka kwake hakukuwa na siri yoyote. Walowezi wa Kiingereza walioingia eneo hilo katika karne ya 17 walikata miti ili wapate mashamba, malisho ya kondoo na kuni za kujipasha moto katika majira marefu ya baridi. Walimwinda kulungu kwa nyama na ngozi, na mbwamwitu wakamwinda kwa uhasama. Kufikia katikati ya karne ya 19, sehemu kubwa ya nchi hiyo ilikuwa mashamba matupu. Kila walipolima, jembe liligonga mawe. Mawe hayo wakayang'oa na kuyapanga kuwa kuta za mipaka, maelfu kwa maelfu ya kilomita.

Kisha wakulima wakaondoka. Mfereji wa Erie ulifunguliwa mwaka 1825, reli zikafuata, na habari za ardhi tambarare isiyo na mawe huko Ohio na kwingineko magharibi zikawafikia vijana waliokuwa wamechoka kuokota mawe. Wengine walivutwa na viwanda vya nguo. Mashamba yaliyoachwa yakaota vichaka, vichaka vikawa miti, na leo zaidi ya nusu ya Connecticut ni msitu. Ndani ya msitu huo zile kuta za mawe bado zimesimama, hazigawi tena shamba na shamba. Wenye kufaidika nazo ni panya.

Kulungu naye alirudi, safari hii akiwa na sheria upande wake. Majimbo yaliweka misimu ya kuwinda, na mwaka 1900 Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyojulikana kama Lacey Act, iliyopiga marufuku kusafirisha kutoka jimbo hadi jimbo wanyama waliowindwa kinyume cha sheria. Hapakuwa tena na mbwamwitu wa kumpunguza. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, watu wa mijini walijenga nyumba katikati ya miti, wakapanda maua na nyasi, wakakataza kufyatua bunduki karibu na makazi. Kwa mnyama anayependa kingo za msitu, mahali penye kivuli upande mmoja na majani mororo upande wa pili, hiyo ilikuwa karamu. Mwanzoni mwa karne ya 20 walibaki kulungu wasiofika nusu milioni nchini kote. Leo wanakadiriwa kuwa milioni 30 hivi.

Hapo ndipo kinapoingia kisa cha Lyme, mji mdogo wa Connecticut uliopewa jina la bandari ya Lyme Regis huko Uingereza. Polly Murray, msanii na mama wa watoto wanne, alikuwa akiugua kwa miaka mingi. Viungo vilivimba, kichwa kiliuma, upele ulikuja na kuondoka. Mumewe na watoto nao wakaanza kuugua. Madaktari hawakuona kitu, na baadhi yao wakadokeza kwamba tatizo lilikuwa akilini mwake. Murray hakubishana nao. Aliandika. Alirekodi tarehe, dalili na majina ya majirani waliokuwa na magoti yaliyovimba kama ya watoto wake.

Mwaka 1975 aliipigia simu idara ya afya ya jimbo. Mama mwingine wa Old Lyme, mji jirani, naye alipiga simu kueleza jambo lile lile: watoto wengi mno katika mtaa wake walikuwa wameambiwa wana baridi yabisi ya utotoni, maradhi ambayo kwa kawaida ni nadra na hayaambukizi. Kazi ikamwangukia Allen Steere, daktari kijana wa Chuo Kikuu cha Yale. Murray alipokwenda kumwona, alichukua orodha yake. Uchunguzi wa Steere na wenzake, uliochapishwa mwaka 1977, ulipata wagonjwa 51, watoto 39 na watu wazima 12, katika miji mitatu yenye wakazi 12,000 tu. Wengi waliugua katika majira ya joto, na waliishi penye miti mingi kuliko katikati ya mji. Robo yao walikumbuka kwamba kabla ya viungo kuvimba walipata doa jekundu lililotanuka polepole kama mviringo.

Doa hilo ndilo lililofungua mlango. Daktari wa ngozi wa Uswidi, Arvid Afzelius, alikuwa amelieleza mwaka 1909 na kulihusisha na kuumwa na kupe. Katika miaka ya 1950, madaktari wa Ulaya walikuwa tayari wanalitibu kwa penisilini bila kujua hasa walikuwa wakimuua nani. Elimu hiyo ilikaa Ulaya nusu karne, na huko Connecticut watoto wakawa wanatibiwa kwa aspirini. Watafiti wa Yale walipolinganisha kingo mbili za Mto Connecticut, waliona kuwa upande wa mashariki, kwenye kulungu na kupe wengi, ugonjwa ulikuwa mara 30 hivi zaidi ya upande wa magharibi. Kupe alishashikwa. Kilichobaki ni kujua alikuwa amebeba nini.

Jibu la swali hilo lina asili yake barani Afrika. Wasikilizaji wa Tanzania, Kongo na nchi jirani wanamjua papasi, yule kupe asiye na gamba anayejificha katika nyufa za sakafu ya udongo na kuuma usiku. Homa yake, inayopanda, ikashuka, kisha ikarudi, iliwaangusha wapagazi na wasafiri wa misafara kwa vizazi vingi. Mwaka 1905 Robert Koch aliifuatilia katika njia za misafara za Afrika Mashariki ya Kijerumani, akawakuta bakteria wake hata ndani ya mayai ya papasi. Wakati huo huo, mashariki mwa Kongo, Joseph Dutton na John Todd kutoka Liverpool walithibitisha kwamba papasi ndiye mwenezaji. Dutton aliambukizwa katika kazi hiyo, na Februari 1905 akafia Kasongo akiwa na umri wa miaka 30. Bakteria huyo, mwembamba na aliyejisokota mithili ya parafujo, alipewa jina lake: Borrelia duttonii.

Miongo minne baadaye, katika Taasisi ya Tropiki ya Uswisi mjini Basel, mwanafunzi aitwaye Willy Burgdorfer aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya bakteria huyo huyo ndani ya papasi. Mwalimu wake alikuwa Rudolf Geigy, ambaye mwaka 1957 angeanzisha maabara Ifakara, maabara iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya ya Ifakara. Burgdorfer alihamia Montana, Marekani, mwaka 1951, akapasua kupe kwa miaka 30. Mwaka 1981 aliletewa kupe kutoka Shelter Island, katika jimbo la New York. Alikuwa akitafuta vijidudu vya homa nyingine kabisa. Ndani ya utumbo wa kupe hao akaona nyuzi nyembamba zilizojisokota. Mtu asiyezoea angeweza kuzipita, lakini Burgdorfer alikuwa amezitazama jamaa zake maelfu ya mara akiwa Basel. Ugunduzi ulitangazwa mwaka 1982, na mwaka 1984 bakteria huyo akaitwa Borrelia burgdorferi. Ni haki kusema kwamba kitendawili cha Connecticut kiliteguliwa kwa macho yaliyofunzwa na papasi wa Afrika.

Baada ya hapo ilidhihirika kwamba kulungu, aliyebeba lawama zote, hakuwa mwenye ugonjwa. Kupe huyu huishi miaka miwili na hunywa damu mara tatu tu. Anapoanguliwa hana ambukizo. Mlo wake wa kwanza, katika majira ya joto, mara nyingi ni kwa panya mwenye miguu myeupe, kirukanjia au ndege, na panya ndiye hasa anayempa bakteria. Mwaka unaofuata, kati ya Mei na Julai, huibuka akiwa mdogo kuliko punje ya ufuta. Huu ndio wakati wa hatari kubwa, kwa kuwa mtoto anayecheza nje hamhisi wala hamwoni. Mlo wa tatu hupatikana kwa kulungu. Hapo jike hushiba, hudondoka na kutaga mayai yapatayo 2,000. Damu ya kulungu haimlei bakteria, lakini bila kulungu kupe hawajai. Panya hutoa maradhi, kulungu hutoa kupe, na mwenye nyumba huwalisha wote wawili kwa bustani yake, rundo lake la kuni na ule ukuta wa mawe ulioachwa na wakulima.

Uvumi nao haukukosekana. Ng'ambo ya maji kutoka Old Lyme kipo kisiwa cha Plum, ambako serikali ilifungua maabara ya magonjwa ya mifugo mwaka 1954, na wako wanaoshikilia kwamba ugonjwa ulitoroka humo. Mwezi Julai 2019, Baraza la Wawakilishi lilidiriki kupiga kura ya kutaka ichunguzwe kama jeshi liliwahi kuwageuza kupe kuwa silaha. Makabati ya makumbusho yalikuwa yameshajibu. Kupe waliokusanywa Long Island katika miaka ya 1940 walikutwa na vinasaba vya bakteria huyo, na kadhalika ngozi za panya waliokamatwa Massachusetts mwaka 1894. Mwaka 2017 wanasayansi wa Yale walikadiria kwamba amekuwapo Amerika Kaskazini kwa angalau miaka 60,000.

Je, kulungu wauawe? Katika kisiwa cha Monhegan, nje ya pwani ya Maine, wakazi walikubali. Kufikia mwaka 1999 kulungu wote walikuwa wameondolewa, na katika miaka michache iliyofuata kupe nao wakakaribia kutoweka. Lakini kisiwa kina mpaka wake wa maji. Bara, kulungu wa kijiji jirani huingia usiku huo huo, na mabaraza ya miji hugawanyika vikali kati ya wanaohofia watoto wao na wasiotaka kusikia mlio wa bunduki nyuma ya shule. Kupunguza kulungu nusu kumeleta mafanikio haba, kwa kuwa wachache wanaobaki wanatosha kuwalisha kupe. Hivyo wengi wamebaki na njia za nyumbani: kuzoa majani makavu, kuweka mkanda wa vipande vya mbao wa mita moja hivi kati ya nyasi na msitu, kusogeza kuni mbali na nyumba, na kuujenga uzio usiopungua mita 2.4, kwani mfupi zaidi kulungu huuruka bila taabu.

Chanjo ilikuwapo. LYMErix, iliyoidhinishwa Desemba 1998, iliwakinga watu 76 katika kila 100 waliopata dozi tatu. Baadhi ya waliochanjwa walilalamika kuumwa viungo. Uchunguzi wa serikali haukuthibitisha kwamba chanjo ndiyo chanzo, lakini hofu na kesi mahakamani vilishusha mauzo, na mwaka 2002 kampuni ikaiondoa sokoni. Kwa zaidi ya miaka 20 baada ya hapo, mbwa wa Marekani aliweza kuchanjwa dhidi ya Lyme, lakini bwana wake hakuweza. Majaribio makubwa ya chanjo nyingine, ya kampuni za Pfizer na Valneva, yalianza mwaka 2022.

Ugonjwa wenyewe umeendelea kutanuka kuelekea kaskazini. Maine, jimbo ambalo miji yake ya Portland na Lewiston imepokea familia nyingi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi, ni miongoni mwa majimbo yenye kiwango cha juu kabisa cha maambukizi. Kwa familia hizo kuna jambo ambalo halikutiliwa maanani mapema. Picha za lile doa jekundu katika vitabu vya tiba ni karibu zote za ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi doa huweza kuonekana la zambarau, au kama jeraha la kugongwa, au lisionekane kabisa, na tafiti zimeonyesha kwamba wagonjwa Weusi nchini Marekani huelekea kugunduliwa wakiwa wamechelewa, viungo vikiwa tayari vimeshavimba. Kupe mwenyewe haonekani kirahisi kwenye ngozi hiyo. Hutafutwa kwa vidole, nyuma ya magoti, kiunoni, kwapani na kati ya nywele, kila jioni baada ya kutoka nje, na akipatikana hung'olewa polepole kwa kibano chenye ncha nyembamba, kikimshika karibu kabisa na ngozi. Akiondolewa ndani ya saa 24, mara nyingi huwa hajapata muda wa kuambukiza.