PEERS (programu ya vijana wenye usonji)

PEERS ni programu ya kuwafundisha vijana wenye usonji namna ya kupata marafiki na kudumu nao. Ilibuniwa na Elizabeth Laugeson na Fred Frankel katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, Marekani. Vijana hukutana mara moja kwa wiki kwa dakika 90, huku wazazi wao wakiwa chumba cha pili wakijifunza jinsi ya kuwaongoza nyumbani. Mafunzo ni ya vitendo hasa: kijana anayechokozwa kwa maneno haambiwi anyamaze, bali ajibu kwa mkato, “Kwa hiyo?”, kisha aondoke. Kazi ya nyumbani huwa kumpigia mwenzake simu au kumkaribisha mgeni, mzazi akiwa karibu bila kujiingiza.

Jaribio lililochapishwa mwaka 2009 lilihusisha vijana 33 wa miaka 13 hadi 17. Waliofunzwa waliwazidi waliokuwa wakisubiri zamu katika ujuzi wa kijamii, na waliwakaribisha wenzao mara nyingi zaidi. Watafiti wa Korea Kusini nao waliona mafanikio mwaka 2014. Udhaifu wa tafiti hizi ni kwamba ushahidi mwingi hutokana na hojaji za wazazi, ambao wanajua fika mtoto wao amefunzwa. Baadhi ya watu wenye usonji, kwa haki kabisa, hulalamika kuwa programu za aina hii humzoesha kijana kuficha hali yake, huku wanaomchokoza wakiachwa bila somo lolote.