Kalamu ya Notari wa Rouen

Padri kijana akipewa kazi ya notari katika ofisi ya askofu, wenzake humcheka: basi, amefanywa karani. Nasi tulicheka vivyo hivyo zamani za seminari. Lakini maneno ya mashahidi wa Mwenyeheri Anuarite, aliyeuawa Isiro mwaka 1964, yalifika Roma kwa sababu yaliandikwa na kutiwa sahihi.

Kitabu cha Sheria za Eklezia cha mwaka 1983 chataka notari awe mtu mwenye sifa njema, asiyeshukiwa na yeyote. Kesi ikiweza kuharibu jina la padri, notari naye awe padri. Aandike mahali, siku, mwezi na mwaka, kisha atie sahihi. Maandiko ya hukumu yasiyo na sahihi yake ni bure. Asili ya amri hiyo ni ya kale. Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, uliagiza kwamba mambo yote ya hukumu yaandikwe na mtu wa serikali, au na watu wawili wanaofaa, maana hakimu mwovu akisema uongo, asiye na kosa hana namna ya kuonyesha kwamba jambo fulani halikutendeka.

Mtu aliyeonja ugumu wa amri hiyo ni padri Guillaume Manchon, notari wa Rouen, Ufaransa. Mwaka 1431 mji ule ulikuwa mikononi mwa Waingereza, na Pierre Cauchon, askofu wa Beauvais, alimhukumu humo Jeanne d'Arc, msichana wa miaka kama kumi na tisa. Manchon hakuitaka kazi ile. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba aliipokea kwa kuogopa baraza la mfalme wa Uingereza.

Siku ya kwanza ilikuwa fujo. Watu walimkata Jeanne maneno, na makarani wa mfalme waliandika walivyopenda, wakiacha yale yaliyomtetea. Manchon alisema kwamba mambo yasipotengenezwa ataiweka kalamu chini. Kesho yake wakahamia chumba kingine. Huko nako, alisema, watu walifichwa dirishani nyuma ya pazia, wakiandika mambo yao. Baada ya chakula maandiko yalilinganishwa, nayo hayakupatana. Wakubwa walimkasirikia Manchon. Yeye, penye ubishi, aliandika pembeni neno moja la Kilatini, Nota, ili Jeanne aulizwe tena. Nasi tunaojaza vitabu vya ubatizo usiku, macho yamechoka, twajua ni rahisi namna gani kuandika tu na kwenda kulala.

Tusimfanye mtakatifu. Katika kitabu cha hukumu ile mna karatasi ndefu ambayo, yasemekana, Jeanne alikana mambo yake kwayo. Lakini mashahidi kadha walisema karatasi aliyosomewa ilikuwa ya mistari michache tu, sita au saba. Na sahihi ya Manchon iko katika kitabu kile. Wataalamu wabishane, sisi twaona kwamba woga ulimshinda mahali fulani.

Walakini pako mahali haukumshinda. Jeanne alichomwa moto tarehe 30 Mei 1431. Siku chache baadaye yakaandikwa maneno ambayo, walivyodai, aliyasema gerezani asubuhi ya kufa kwake, ya kukana sauti zake. Askofu alimshurutisha Manchon atie sahihi. Akakataa. Hakuwako gerezani asubuhi ile, hakusikia neno. Hata leo karatasi hizo zimo nyuma ya kitabu bila sahihi ya notari, na kila mwenye kuzisoma hulazimika kujiuliza kwa nini.

Hukumu ilipochunguzwa upya, Manchon aliitwa kushuhudia, akatoa maandiko aliyoyaandika mwenyewe kwa Kifaransa mbele ya Jeanne. Tarehe 7 Julai 1456 hukumu ya kwanza ilifutwa, na mwaka 1920 Jeanne akaandikwa katika hesabu ya watakatifu. Kuhusu mshahara wake, Manchon alisema mwaka 1450 kwamba sehemu yake alinunua kitabu kidogo cha Misa apate kumwombea msichana yule. Miaka kumi na tisa ilikuwa imepita, naye bado alikuwa nacho.