Jina la Mungu Katika Fedha za Marekani

Seremala akiombwa mlango wenye nakshi, kwanza huchonga kipande kidogo amwonyeshe mwenye nyumba. Mafundi wa fedha nao hufanya vivyo hivyo. Kabla serikali haijaamuru sarafu mpya, hupigwa vipande vichache vya kielelezo, wakubwa wavitazame na kuchagua. Kimoja kikikubaliwa, vingine huachwa. Na hivyo vilivyoachwa ndivyo wakusanyaji wa sarafu huko Marekani wavitafutavyo kwa bidii na kuvinunua kwa mali nyingi. Zamani tulidhani huo ni mchezo wa matajiri tu. Habari hii ilitugeuza mawazo.

Mwaka 1861 Marekani ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwezi wa Novemba mchungaji mmoja wa Pennsylvania, jina lake M. R. Watkinson, alimwandikia barua Salmon P. Chase, waziri wa fedha. Neno lililomsumbua ni hili: kama taifa lao likivunjika, watu wa karne zijazo watakaookota fedha zake hawataona jina la Mungu juu yake, nao watakuwa na haki kusema ya kuwa wenyewe walikuwa wapagani. Chase hakuiweka kando barua ile. Siku chache baadaye alimwagiza James Pollock, mkuu wa kiwanda cha fedha cha Philadelphia, atafute maneno machache ya kumkiri Mungu.

Lakini sheria ya mwaka 1837 ilikuwa imekwisha kutaja maandiko yapasayo kuwekwa juu ya fedha, wala mafundi hawakuwa na ruhusa kuyaongeza. Basi wakajaribu kwa vielelezo. Katika vipande vya nusu dola na vya dola kumi vya miaka 1861 hadi 1863 mna maneno yenye maana ya “Mungu Tumaini Letu”. Vingine vimeyaweka ndani ya utepe, vingine ni herufi tupu. Kielelezo kimoja cha senti mbili cha mwaka 1863 kina kichwa cha George Washington na maneno “Mungu na Nchi Yetu”. Desemba ya mwaka ule Chase mwenyewe aliyasahihisha maneno ya Pollock, akaandika “Twamtumaini Mungu”. Sheria ikapita tarehe 22 Aprili 1864, na senti mbili ya mwaka huo, yenye ngao pasipo kichwa cha Washington, ikawa fedha ya kwanza kutumika nchini yenye maneno hayo.

Mkusanyaji hana budi kuangalia sana, kwani kiwanda chenyewe kilipiga baadhi ya vielelezo baadaye kwa tarehe za zamani, ili kuwapendeza wanunuzi. Jambo hilo halitupendezi hata kidogo. Limewatia wanahistoria taabu bure.

Hata senti mbili za mwaka 1864 ni za namna mbili: nyingi zina herufi kubwa katika utepe, chache zina herufi ndogo. Hizo chache ndizo za thamani, na mwenye kuzitafuta huchukua kioo cha kukuzia, akaanza kwa kuyasoma yale maneno.