Bunduki ya Katogota: kwa nini si Mauser, na bei yake ni ngapi



Wengi wenu mmesikia habari ya bunduki ya zamani iliyotoka chini ya ardhi hapa Katogota, wakati familia moja iliyorudi kutoka Burundi ilipokuwa inachimba msingi wa nyumba. Maneno yamekuwa mengi. Wengine wanasema iko na bei ya dola elfu tano. Wengine wanasema ni ya Wajerumani. Wengine, kwamba chama kimeificha. Komite imeniomba niandike vile mambo yalivyo. Mimi pia nina sababu yangu ya kuandika, maana kosa la kwanza lilikuwa langu.

Bunduki ilikuwa ndani ya sanduku la bati, imefungwa katika nguo yenye mafuta na kipande cha shitingi. Marehemu baba wa nyumba aliizika mwaka 1996, mbele ya kukimbia. Mama mwenye nyumba aliniita jioni, mlango umefungwa, akaniambia kwa sauti ya chini: «Mwanangu, wewe uliyesoma, utuambie. Hii kitu ni ya nini, na iko na bei gani? Babu wa mume wangu alikwenda nayo Tabora.»

Niliiona kwa mwanga wa simu. Nikasema: Mauser. Nilisema haraka, kwa kuwa nilisoma historia na nilipenda iwe hivyo.

Juu ya neno langu hilo, wiki iliyofuata alikuja komisioneri mmoja kutoka Uvira. Alisema kuna mzungu anayekusanya bunduki za vita ya 14-18, atalipa vizuri, lakini kwanza zinatakiwa dola 150 za karatasi za kuisafirisha. Mama akaja kwenye mkutano wa MUSO kuomba mkopo katika sanduku la kijani. Hakusema ni wa nini. Tulimpa. Hizo dola 150 zilikuwa akiba ya wamama kumi na wawili wanaouza mihogo na samaki kando ya barabara ya Kamanyola.

Sasa historia, maana bila historia hatuwezi kujua hii bunduki ilitoka wapi.

Habari ya Tabora yenyewe ni ya kweli. Uwanda wetu wa Ruzizi ulikuwa mpaka wa vita kati ya Kongo ya Wabelgiji na Afrika Mashariki ya Wajerumani. Mwaka 1916 Olsen, ofisa Mdenmarki aliyekuwa katika Force Publique, aliongoza kikosi chake upande huu wa Ruzizi. Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, ikachukuliwa tarehe 6 Juni, Kitega tarehe 17 Juni, na Tabora tarehe 19 Septemba mwaka uleule. Askari karibu wote walikuwa Wakongo, na nyuma yao wapagazi wengi sana ambao majina yao hayakuandikwa mahali popote. Kama babu alikwenda, alikwenda na njia hiyo.

Vita ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Force Publique walikuwa bado na Albini, bunduki ya milimita 11 yenye kupiga risasi moja moja na kutoa moshi mwingi. Kiisha wakapata Mauser ya Ubelgiji ya mwaka 1889. Ile ina alama ambazo mtu hawezi kukosea akiangalia kwa utulivu. Mtutu wake umevikwa bomba lingine la chuma juu yake, sawa mkono ndani ya shati. Chini, mbele ya kidude cha kufyatulia, kuna kisanduku cha risasi 5 kinachotokeza. Risasi ni ya milimita 7.65. Na nyingi zimeandikwa Fabrique Nationale, Herstal, ile fabriki iliyoundwa mwaka 1889 kwa kusudi la kutengenezea jeshi la Ubelgiji Mauser 150,000.

Nilirudi kwa mama mchana, na mita ya fundi seremala mkononi. Hakuna bomba la pili. Hakuna kisanduku cha risasi. Tundu la mtutu ni la milimita 6 tu, kalamu ya Bic haiingii. Bunduki yenyewe ni nyepesi, mtoto wa miaka kumi anaweza kuibeba begani. Nilisikia aibu.

Tukatafuta alama. Hapo kulikuwa na tatizo lingine: kijana wa nyumba, kwa kutaka kumpendeza mnunuzi, alikuwa ameisugua na karatasi ya msasa mpaka inang'aa, akapaka vernisi kwenye kitako. Alama za juu zilikuwa zimefutika. Lakini chini ya mtutu, mahali ubao unapofunika, msasa haukufika. Tulipotoa skrubu moja tulikuta duara refu sawa yai, ndani herufi ELG, na taji juu yake. Pembeni, herufi ndogo h.

ELG ni alama ya nyumba ya kupimia silaha ya mji wa Liège, Ubelgiji. Nyumba hiyo iko tangu 1672. Kila mtutu uliotengenezwa pale ulipigwa baruti nyingi kuliko kawaida, na kama haukupasuka ulipewa alama. Taji liliongezwa mwaka 1893. Na kuanzia 1922 wapimaji waliongeza herufi ya mwaka: a ni 1922, b ni 1923, mnaweza kuendelea wenyewe. Herufi h inatupeleka 1929. Hii bunduki haikuwa imezaliwa wakati wa Tabora.

Basi ni nini? Ni Flobert, bunduki ndogo ya shabaha. Flobert alikuwa Mfaransa, ndiye aliyeunda mwaka 1845 risasi ndogo inayokwenda kwa nguvu ya kiwashio chake tu, bila baruti. Kwa sababu haina kelele nyingi, wazungu waliipigia shabaha ndani ya saluni na bustanini: kadi ubaoni, chupa juu ya ukuta, ndege juu ya mti. Mafundi wa Liège walizitengeneza nyingi sana, nyingine bila jina la fundi. Ziko pia bunduki za shabaha za kweli, za mashindano: mtutu mzito wenye pande nane, vidude viwili vya kufyatulia ili cha pili kiguswe kidogo tu, na kilengeo kinachopandishwa na kushushwa kwa skrubu. Hizo wakusanyaji wanazigombania. Yetu haina hata kimoja katika hivyo. Ni ya bustani.

Ilifikaje Katogota? Si kwa duka. Mkataba wa Bruxelles wa tarehe 2 Julai 1890 ulikataza kuingiza bunduki za kisasa kwa Waafrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini mpaka nyuzi 22 kusini. Sababu iliyoandikwa ni biashara ya watumwa, na ni kweli Uvira na Ujiji ziliteswa na watu wenye bunduki. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba mwenyeji aliachiwa gumegume na baruti ya dukani, na mzungu akabaki na bunduki nzuri, hata ya kuchezea. Hiyo desturi iliendelea ndani ya sheria za koloni. Mimi naona Flobert hii ni ushahidi mzuri wa wakati ule kuliko Mauser yoyote: askari alipewa Mauser ili afe nayo, lakini kile kidude cha kupigia chupa hakuruhusiwa kuwa nacho nyumbani kwake.

Mzee mmoja wa familia, tulipomsomea herufi ile, alikaa kimya kiisha akasema: «Kumbe. Basi ni ya baba mdogo. Alikuwa boyi wa mzungu wa pamba, upande wa Luvungi. Wazungu walipokimbia 1960, waliacha vitu.» Hilo linalingana na herufi h, na pamba kweli ililimwa sana katika uwanda wetu wakati wa Wabelgiji.

Bei sasa. Ulaya, Flobert ya bustani huuzwa mara nyingi kwa makumi ya euro, au mia na kidogo ikiwa safi. Safi maana yake rangi ya chuma ya zamani na alama zinazosomeka. Msasa unashusha bei, hauipandishi. Na hiyo ni bei ya Ulaya. Hapa, sheria ya tarehe 3 Septemba 1985 juu ya silaha inadai kibali, na kibali hakuna. Kuivusha Ruzizi ni magendo ya silaha. Komisioneri aliyeomba dola 150 za karatasi alijua hakuna karatasi ya namna hiyo. Simu yake haipiti tena.

Kuna na bei nyingine, ambayo hapa sina haja ya kueleza sana. Katogota inakumbuka tarehe 14 Mei 2000, watu wetu zaidi ya 30 waliuawa siku moja. Katika uwanda huu, toka miaka mingi, nyumba ikisemwa tu kwamba iko na bunduki, wenye bunduki kubwa wanaweza kufika usiku. Hawatauliza kama ni ya kupigia ndege. Mama huyu alilala na sanduku lile chini ya kitanda siku kumi na tisa, pamoja na wajukuu wanne.

Familia ilikubali kuitoa. Ilikabidhiwa kwa serikali mbele ya shefu wa lokalite, mashahidi watatu na mwanachama mmoja wa komite, na karatasi iliyotiwa sahihi iko kwa katibu. Mwenye kutaka kuiona aende. Wengine wameuliza kwa nini mama hakulipwa, kwani kule Katanga PAREC ilitoa baiskeli kwa kila bunduki. Ni kweli, lakini hapa kwetu hakuna mpango wa namna hiyo tuliouona.

Siku ya kuikabidhi, mama aliniuliza: «Sasa babu hakwenda Tabora?» Nilimjibu kwamba bunduki haiwezi kutuambia hilo. Mauser ya askari ilikuwa mali ya koloni, akimaliza kazi anairudisha. Nyumba ya askari wa kweli wa 1916 ndiyo ambayo tungetegemea kutokuta Mauser ndani yake. Nimeandika kwenye daftari majina ya wazee na njia waliyopita kama alivyoyasikia kwa mama mkwe wake: Ruzizi, Kitega, kiisha safari ndefu ya kukosa maji. Wengine wenye habari kama hizo waje, daftari bado lina kurasa.

Kuhusu sanduku la kijani: komite iliamua mkopo usiwe na faida. Mimi, kwa neno langu la haraka, nililipa dola 50. Mama amelipa 60 kwa mihogo yake. Zimebaki 40, na analeta kidogo kidogo kila siku ya mkutano.